Jiko ni Shule: Tufundishe Watoto Wetu Sayansi Wakati wa Kupika



Watu wengi wanawaza kwamba sayansi ni kitu ya shule kubwa tu, mahali penye vioo, mashini na vitabu vya bei kali. Wanasema: "Sisi watu wa kijiji tutapata wapi vyombo kama vile?" Lakini kila siku, asubuhi na jioni, mama anapowasha moto na kutelekeza sufuria, anafanya kazi ya sayansi. Anapima, anachanganya, anachemsha, anangoja, anaangalia kama kitu kimegeuka. Mtu wa laboratwari ya hospitali anafanya vilevile.

Tofauti ni moja tu. Mtu wa laboratwari anajiuliza sababu: juu ya nini kitu hiki kimegeuka? Jikoni mara nyingi hatujiulizi. Tunasema: "Ndivyo bibi alivyofanya." Na bibi alifanya vizuri! Lakini mtoto asiyejua sababu ya desturi nzuri ataiacha siku moja, kwa haraka ao kwa uchovu ao kwa kutafuta feza. Na ziko desturi za jiko ambazo mtu akiziacha, mtoto anakuwa kilema, ao anakufa. Kwa ajili ya neno hili tumeandika kurasa hizi.

Tunaandika kwa ajili ya wababa vilevile, si wamama peke yao. Na mtoto mwanaume akae jikoni pamoja na dada yake. Maji hayachemki namna ingine kwa mvulana.

MAMBO YA KUSHIKA MBELE YA KUANZA

Kwanza: mtoto aseme mbele yale anayofikiri. Usimwambie jibu. Muulize: "Unawaza sufuria gani itachemka mbele?" Akikosea, usimcheke. Mtu anayekosea na kuona kwa macho yake hatasahau.

Pili: tofauti iwe moja. Kama unataka kulinganisha vitu viwili, vyote vilingane, isipokuwa neno moja. Maji sawasawa, moto sawasawa, sufuria sawasawa. Kifuniko peke yake ndicho kinachobadilika. Kama unabadilisha mambo mawili kwa mara moja, hutajua ni lipi lililofanya kazi. Hapo ndipo mzizi wa sayansi yote.

Tatu: moto ni wa mkubwa. Mtoto mdogo anaangalia, lakini hatikisi sufuria wala hasogei karibu na mafuta ya moto. Kama mtoto anaungua, mwangie maji safi ya baridi pahali alipoungua kwa dakika makumi mawili. Msipake mafuta, wala dawa ya meno, wala majivu. Funikeni kidonda na kitambaa safi, mkimbie dispensere.

SOMO LA KWANZA: MAJI NA MOTO

Tia maji kiasi kimoja ndani ya sufuria mbili zinazolingana. Moja uifunike, ingine uiache wazi. Uziweke juu ya mbabula mbili zenye makala sawasawa, ao moja kisha ingine. Mtoto ahesabu dakika. Ataona kwamba ile yenye kifuniko inachemka mbele. Juu ya nini? Mvuke unapotoroka, unabeba moto pamoja nao. Kifuniko kinaufunga ndani. Basi mtoto amejifunza namna ya kupunguza makala, na katika miji yetu makala inakula feza mingi ya nyumba.

Sasa inua kifuniko. Matone ya maji yanashuka chini yake. Muulize mtoto: "Haya maji yametoka wapi? Nani aliyapandisha?" Mvuke ulipanda, ukakuta kifuniko cha baridi, ukarudi kuwa maji. Ndivyo inavyokuwa juu ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu: jua linapandisha mvuke, baridi ya juu inaugeuza kuwa wingu, na mvua inaanguka.

Mwonyeshe tena viputo. Viputo vidogo vya kwanza, vinavyoshikamana na ukuta wa sufuria, ni hewa iliyokuwa ndani ya maji. Maji hayajachemka bado! Ngojea viputo vikubwa vinavyopanda kutoka chini na kupindua maji yote. Hapo maji yamechemka kweli, na vijidudu vya kuhara na vya kolera vimekufa. Mtu akiondoa sufuria wakati wa viputo vidogo, amechoma makala bure.

Iko neno lingine ambalo wasafiri wanaliona. Maharagi ya Bukavu ao ya Butembo yanakawia motoni kupita maharagi ya Kindu. Si kosa la mpishi. Kule juu milimani hewa ni nyepesi, haikandamizi maji kwa nguvu, na maji yanachemka upesi na moto mdogo. Bukavu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, na maji yake yanachemka karibu digri 95. Kindu, chini, ni karibu digri 98. Lakini kwa kuua vijidudu digri 95 inatosha. Kwa ajili ya maharagi, yaloweshe usiku kucha. Mtoto apime kilauri kimoja cha maharagi makavu jioni, na asubuhi apime tena. Atakuta karibu vilauri viwili. Maharagi yamekunywa maji, na moto hautafanya kazi ile tena.

SOMO LA PILI: KIDOLE KATIKA SUPU

Vijidudu ni vigumu kwa mtoto kusadiki, kwa sababu havionekani. Basi tumwonyeshe kazi yao.

Chemsha supu ya mboga ao ya nyama bila chumvi. Mimina ndani ya vikombe viwili vilivyooshwa kwa maji ya moto. Ngojeni supu ipoe, vikombe vikiwa vimefunikwa. Kisha mtoto aliyetoka kucheza, mbele hajanawa, atie kidole chake katika kikombe kimoja, hesabu tano, atoe. Funika vikombe vyote viwili na sahani safi. Viweke pamoja kwa siku mbili.

Mara nyingi supu ya kidole inachafuka mbele: inakuwa kama mawingu, inatoa povu, inanuka. Ile ingine inakawia. Tofauti ilikuwa moja tu, kidole. Sasa muulize mtoto: "Kidole hiki kilikuwa kinaenda wapi kama hatukufanya hivi?" Atajibu mwenyewe: "Ku kinywa."

Neno la kuangalia: supu hii hakuna mtu wa kuionja. Muitupe ndani ya choo na kuosha vikombe kwa maji ya moto.

Mfaransa Louis Pasteur alifanya kazi inayofanana na hii katika miaka ya 1860. Alichemsha supu ndani ya chupa yenye shingo ndefu iliyopinda. Hewa iliingia, lakini vumbi na vijidudu vilikwama katika shingo, na supu haikuoza. Alipovunja shingo, supu ikaoza. Mbele yake watu wengi walisema kwamba uozo unazaliwa bure ndani ya chakula. Yeye alionyesha kwamba unaletwa.

Watu wa Goma wanajua uzito wa somo hili. Katika mwezi wa 7 mwaka wa 1994, wakimbizi wengi sana walivuka mpaka kutoka Rwanda, wakakaa juu ya mawe ya volkano pasipo maji safi wala choo. Kwa muda wa wiki chache makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kolera na kuhara. Vijidudu vilipitia katika maji na mikono, njia ileile ya kidole chetu.

SOMO LA TATU: MIHOGO, NA MIGUU YA WATOTO WETU

Hili ndilo somo kubwa kupita yote, na tunaomba mlisome pole pole.

Kusini-magharibi ya Kongo, katika nchi ya Kwango, uko ugonjwa unaoitwa konzo. Ni neno la Kiyaka, linaonyesha miguu iliyofungwa. Muganga Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka wa 1938. Mtoto anaenda kulala mzima. Asubuhi anasimama, na miguu yote miwili imekuwa migumu na yenye kutetemeka. Anajaribu kutembea, anaanguka. Wengine wanatembea juu ya vidole na fimbo kwa maisha yao yote. Wengine hawatembei tena. Ugonjwa hauongezeki kisha siku zile za kwanza, lakini haurudi nyuma pia. Hakuna dawa ya kufungua miguu ile. Unashika zaidi watoto na wamama ambao wangali wanazaa.

Konzo haikukaa Kwango tu. Ilionekana Msumbiji mwaka wa 1981 wakati wa ukame, na Tanzania mwaka wa 1985. Katika miaka ya vita ilionekana hata kwetu, Kivu ya Kusini. Watu walisema ni uchawi, ao laana, ao ugonjwa wa kuambukizana. Si hivyo. Ni chakula. Unatoka katika mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri, ikiliwa siku nyingi bila chakula kingine cha kujenga mwili.

Sumu inatoka wapi?

Mfasirie mtoto hivi. Ndani ya muhogo kuna vyumba vidogo vidogo, elfu na elfu, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ndani ya kila chumba kumewekwa kitu kinachoitwa linamarina. Katika ukuta wa chumba anakaa mfanyakazi anayeitwa linamaraza. Wakati muhogo ungali mzima, wawili hawa hawakutani. Lakini ukuta ukivunjika, mfanyakazi anaingia, anaikata linamarina, na sumu inayoitwa sianidi inatoka. Ni silaha ya muhogo: panya ao nguruwe akiuma, ukuta unavunjika na sumu inamkuta kinywani.

Lakini sianidi iko na uzaifu mmoja. Ikitoka, inageuka hewa upesi na kwenda zake, ao inaingia katika maji na kumwagwa pamoja nayo. Kwa hiyo kazi yote ya mama ni hii: avunje ukuta, mfanyakazi amalize kazi yake, sumu iende nje mbele muhogo haujafika katika sahani.

Siku tatu ndani ya maji

Muhogo ukimenywa na kutiwa ndani ya maji, vijidudu vizuri vya maji vinakula kuta za vyumba vile. Ndiyo sababu unalainika. Fanyeni jambo hili pamoja na mtoto. Chukueni muhogo mmoja, mmenye, mkate vipande viwili. Kimoja kitiwe ndani ya maji, kingine kiwekwe juu ya sahani. Kila asubuhi mtoto akandamize vipande vyote kwa kidole, aandike alama kwa kala la moto juu ya ukuta: kigumu, nusu, laini. Aangalie povu juu ya maji. Anuse. Lakini asionje, hata kidogo! Muhogo mchungu mbichi haujaribiwi kwa ulimi wa mtoto.

Siku ya kwanza muhogo wa maji ungali mgumu. Siku ya pili umeanza kukubali. Siku ya tatu kidole kinaingia. Kile cha sahani kingali kigumu, ao kimeoza kwa upande. Hapo mtoto atauliza, kama watoto wanavyouliza:

"Mama, juu ya nini hatuitoe leo? Siku moja haitoshe?"

"Tia kidole. Inaingia?"

"Hapana, iko nguvu."

"Basi nyumba zake hazijabomoka. Ile sumu ingali imefungwa mule ndani. Tukiitoa leo, tutaitwanga nayo, tutaikula nayo."

"Na ile mayi, mbuzi inaweza kunywa?"

"Apana, mwanangu. Sumu imeingia mule. Tutaimwanga mbali."

Mazungumuzo haya yanapita hotuba ya muganga. Mtoto ameshika sababu kwa kidole chake mwenyewe.

Mahali penye joto siku tatu zinatosha kwa kawaida. Milimani, penye baridi, vijidudu vinafanya kazi pole pole, na inaweza kuomba siku ine ao tano. Kwa hiyo msihesabu siku tu, ulizeni kidole.

Juu ya nini mtu anafupisha siku?

Wachunguzi waliofanya kazi katika Bandundu, waliotoa habari zao mwaka wa 1991 na 1992, waliuliza neno hili. Waliona kwamba wamama walijua kazi ya mihogo vizuri sana, tangu bibi zao. Lakini barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilikuwa imefika, lori zilingojea, na muhogo ukawa feza. Siku tatu zikawa siku mbili, siku mbili zikawa moja. Nyama, samaki na maharagi vilikuwa haba katika sahani. Konzo ikaingia. Vita na ukame vinafanya vilevile: watu wanakimbia, wanangoa mihogo ya haraka, na hakuna kingine cha kula. Haraka haraka haina baraka. Kwa muhogo neno hili si mezali tu, ni dawa.

Mama anayejua desturi peke yake anaweza kushindwa na lori. Yule anayejua sababu iko na nguvu ya kumwambia mwenye lori: "Ngojea."

Makosa mawili ya kuangalia

Kosa la kwanza: kumenya muhogo mchungu na kuuanika juani tu, pasipo maji. Jua linaukausha mbele kuta hazijavunjika, na sehemu kubwa ya sumu inabaki.

Kosa la pili: kuwaza kwamba moto mwingi utamaliza sumu. Watu wanashangaa hapa. Moto unamuua yule mfanyakazi, linamaraza, mbele hajamaliza kazi. Linamarina yenyewe haiogopi moto. Basi muhogo mchungu uliotiwa mzima katika maji yanayochemka unabaki na sumu yake, umefungwa ndani, na unaingia tumboni. Muhogo mtamu unaweza kuchemshwa. Muhogo mchungu hapana.

Kusaidia unga ambao umekwisha kutwangwa

Kama umenunua unga sokoni, hujui kama mwenye kuutengeneza alingojea siku tatu. Liko jambo la kufanya. Lilitafutwa na Howard Bradbury na wenzake katika Australia, na tangu mwaka wa 2010 wamama wa kijiji cha Kay Kalenge, katika eneo la afya la Popokabaka, Kwango, walifundishwa kulifanya. Wakati wa kazi ile hakuna mtu mupya wa kijiji aliyeshikwa na konzo. Ni hivi:

1. Tia unga kavu ndani ya beseni. Usawazishe juu. Piga alama ndani ya beseni pale unga ulipofika.

2. Ongeza maji kidogo kidogo, ukichanganya. Unga utashuka chini ya alama, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha maji.

3. Tandaza unga ule mbichi juu ya mkeka safi, unene usipite santimetre moja.

4. Uache juani saa mbili, ao kivulini saa tano. Sumu inakwenda hewani.

5. Pika bukari (ao fufu) siku ileile. Unga uliolowa haulali, utaoza.

Maji yanamwamsha tena mfanyakazi aliyebaki katika unga, anakata linamarina iliyobaki. Mtoto anaweza kufanya kazi hii yote mwenyewe, kwa kuwa hakuna moto. Mpe beseni, alama na saa. Muulize: "Juu ya nini tunatandaza, hatuache lundo?" Jibu: katika lundo hewa haina njia.

Sehemu ya mwisho ya somo: mwili wetu unaweza kuvunja sumu kidogo, kama umepewa vyombo. Vyombo vile vinatoka katika vyakula vya kujenga mwili: samaki, hata ndagala kidogo, mayai, nyama, maharagi. Muhogo peke yake hauna vyombo hivyo. Kwa hiyo mtoto asile bukari ya mihogo na chumvi tu siku kwa siku. Changanyeni unga wa mihogo na wa mahindi, mtie maharagi pembeni.

Kama mtu wa nyumba anaamka na miguu migumu, msingoje, msimpeleke kwa kutafuta mchawi. Mlete hospitali siku ileile, na muache kula unga ule nyumbani mwote.

SOMO LA INE: SOMBE NA MAWESE

Majani ya muhogo yana silaha ileile. Lakini sombe inatwangwa, na hapo mtoto anajua jibu: kinu kinavunja kuta. Twanga vizuri mpaka isionekane jani, kisha chemsha katika maji mengi, sufuria ikiwa wazi mwanzoni ili sumu itoke. Anayetia majani mazima motoni, kwa sababu anachoka kutwanga, anafanya kosa lilelile la muhogo mzima.

Kisha mafuta ya mawese. Muulize mtoto: "Juu ya nini mafuta haya ni mekundu?" Rangi ile ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ambayo inalinda macho. Mtoto anayekosa vitamini hii anaanza kutoona wakati wa magaribi. Kisha jicho linaweza kuharibika kabisa. Watu wengine wanachoma mawese mpaka yanakuwa meupe kama maji. Mkubwa akichoma kijiko kimoja, mtoto ataona rangi inakwenda. Vitamini imekwenda pamoja nayo. Tieni mawese ndani ya sombe mwishoni, yangali mekundu.

SOMO LA TANO: TONE LA IODI

Omba kwa muuguzi matone machache ya dawa ya iodi, ile ya kusafisha vidonda. Weka juu ya sahani kuukuu: kipande cha bukari, kipande cha kiazi, kipande cha samaki, utope mweupe wa yai lililochemshwa. Tia tone moja juu ya kila kimoja. Bukari na kiazi vitageuka vyeusi kama buluu ya usiku. Samaki na yai havigeuki; vinabaki na rangi ya dawa tu.

Maana yake nini? Rangi nyeusi inaonyesha wanga, chakula cha kutia nguvu. Chakula hiki ni kizuri, ni kama makala ya mwili. Lakini makala haijengi ukuta. Mtoto anayeshiba bukari kila siku, bila maharagi wala samaki, tumbo linajaa na mwili haujengwi. Nywele zinageuka nyekundu, miguu inavimba, anakasirika, hataki kucheza. Ni ugonjwa ambao watu wa Kivu wanauita bwaki. Mama anasema: "Lakini anakula!" Kweli anakula, ila sahani yake yote ingekuwa nyeusi kwa iodi.

Chakula chenye dawa ile kitupwe. Kisiliwe na mtu wala kuku.

SOMO LA SITA: KIPIMO

Kata bilinganya vipande viwili. Kimoja ukinyunyizie chumvi, kingine hapana. Kisha nusu saa, kile cha chumvi kinatoka jasho. Chumvi imevuta maji nje. Sasa mtoto anaweza kuelewa neno zito: chumvi nyingi inavuta maji ndani ya mwili wa mtoto anayehara, nayo inaweza kumuua, chumvi kwa kipimo, pamoja na sukari, inasaidia maji yaingie katika damu.

Kama hakuna pakiti ya serumu ya kunywa ya dispensere, hiki ndicho kipimo: litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe kwa kisu, visiwe na kilima. Mkubwa aonje mbele: isipite chumvi ya machozi. Tazameni chupa vilevile. Chupa ya bia haifiki litre moja; chupa kubwa ya plastiki mara nyingi ni litre moja na nusu. Mtoto wa miaka kumi anaweza kupima na kulinganisha chupa za nyumba mbele ya siku ya shida, na kupiga alama ya litre. Siku ya kuhara, usiku, mama peke yake, alama ile itakuwa na faida kubwa.

Mnyweshe mtoto kidogo kidogo, kisha kila choo. Mama asiache kunyonyesha. Na mtoto akiwa na macho yaliyoingia ndani, ao akishindwa kunywa, ao kukiwa na damu, mbio hospitali.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA KATIKA NYUMBA AO KATIKA KIKUNDI

1. Juu ya nini moto mwingi hautoshi kuondoa sumu ya muhogo mchungu?

2. Katika kijiji chetu mihogo inakaa siku ngapi ndani ya maji? Tunahesabu siku, ao tunauliza kidole?

3. Mchuuzi akitaka mihogo ya siku moja, tutamjibu nini?

4. Katika sahani ya watoto wetu jana, chakula gani kilikuwa cha kujenga mwili?

5. Katika nyumba yetu, ni chupa gani yenye alama ya litre moja?

KUMBUKENI

Watoto wanauliza "juu ya nini" mara mia kwa siku, na mzazi anachoka. Lakini msiwanyamazishe wote. Jibuni swali moja kila jioni, na kama hamjui jibu, semeni: "Tujaribu, tuone." Mungu alitupa macho, pua, vidole na akili ili tuvitumie. Mtoto aliyejifunza kungoja kidole kiingie katika muhogo atafundisha watoto wake, hata kama sisi hatuko tena, hata kama lori linapiga honi barabarani.